Model T: Motokaa Rahisi na Gharama Zake

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Kwa kawaida methali hii tunaitumia kumwonya mnunuzi: kitu cha bei ndogo huharibika upesi, na mwenyewe akarudi dukani mara ya pili. Lakini imepata kutokea motokaa iliyokuwa rahisi na imara pia. Hiyo ni Model T, iliyotolewa na kampuni ya Henry Ford mjini Detroit, Marekani, tangu mwaka 1908 hadi 1927. Mnunuzi wake hakupunjwa. Hata hivyo methali haikusema uongo: gharama zilikuwapo, ila zililipwa na mtu mwingine. Katika makala haya tunakusudia kumtafuta mtu huyo.

Motokaa za kwanza za Marekani zilikuwa vyombo vya matajiri. Model T ilipotokea Oktoba 1908, bei yake ilikuwa dola 850. Fedha hizo hazikuwa kidogo, lakini chombo chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya watu wa mashambani na barabara zao mbovu. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na nguvu za farasi 20. Uvungu wake ulikuwa juu, ukapita salama penye mashimo na matope. Sehemu zake nyingi zilifuliwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na vanadiamu, ambacho ni chepesi na kigumu. Mkulima aliweza kuitengeneza kwa mikono yake. Wengine waliinua gurudumu la nyuma, wakalifunga ukanda, wakaendeshea msumeno wa kuni.

Haikukosa visa. Iliwashwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma kwa ghafla iliweza kuvunja mkono. Petroli iliteremka kwenye injini kwa uzito wake tu; basi tangi likikaribia kuwa tupu, dereva alilazimika kupanda mlima kinyumenyume. Watu waliicheka motokaa hiyo, wakaitungia majina ya utani, na wakazidi kuinunua.

Ford alitaka kushusha bei. Mwaka 1910 alihamia katika kiwanda kipya cha Highland Park, na mwaka 1913 yeye na wasaidizi wake wakabadili namna yenyewe ya kufanya kazi. Mfano mmoja waliupata katika machinjio ya Chicago, ambamo mizoga ilitundikwa ikapitishwa mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata sehemu yake. Wao wakaligeuza wazo hilo: kule mnyama alifumuliwa, huku motokaa iliunganishwa. Chesisi ilivutwa polepole mbele ya wafanyakazi waliosimama mahali pamoja. Hapo awali kuunganisha chesisi moja kulichukua kazi ya saa 12 na nusu hivi. Kufikia mwaka 1914 kulichukua saa 1 na dakika 33.

Lugha yetu yatusaidia kuona kilichopotea. Fundi huunda: huunda jahazi, akalijua tangu mkuku hadi mlingoti. Mfanyakazi wa Highland Park hakuunda kitu, aliunganisha. Kazi yake siku nzima iliweza kuwa ni kukaza nati mbili tatu, naye hakuulizwa aifanye kwa mwendo gani, kwani mwendo uliamuliwa na mtambo. Wengi hawakustahimili. Mwaka 1913 kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili kudumisha wafanyakazi wapatao 14,000 tu.

Hapana budi tuukumbuke mwaka huo tunaposoma habari mashuhuri ya Januari 1914, Ford alipotangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo ujira ulikuwa kiasi cha dola 2 na senti 34 kwa saa 9. Maelfu ya watu walifurika malangoni katika baridi kali, hata wakatawanywa kwa mipira ya maji. Wako waliousifu ukarimu wake. Sisi twaona kwamba alikuwa akinunua uvumilivu. Tena nyongeza hiyo ilitolewa kama gawio la faida, nalo lilikuwa na masharti: wanawake hawakuhesabiwa hapo mwanzo, na wakaguzi wa kampuni waliingia majumbani kuchungua usafi, ulevi na akiba ya mfanyakazi.

Hata hivyo haki itendeke kwa pande zote. Kufikia mwaka 1925 Model T ya bei ndogo kabisa iliuzwa kwa dola 260. Kwa ujira wa zamani, ile ya mwaka 1908 ilikuwa sawa na malipo ya siku 363. Kwa ujira wa dola 5, hii ilikuwa sawa na siku 52. Mtu aliyekaza nati sasa aliweza kukinunua chombo alichokitoa.

Lakini ukaidi uliomfaa Ford ndio uliomponza. Tangu mwaka 1914 hadi 1925 Model T ilitolewa kwa rangi nyeusi peke yake, na umbo lake halikubadilika sana. Washindani, hasa Chevrolet ya kampuni ya General Motors, walileta rangi, starehe na malipo ya mkopo. Tarehe 26 Mei 1927 Model T ya milioni 15 ilitoka kiwandani, na utengenezaji ukasimamishwa. Viwanda vilifungwa kwa miezi kadhaa ili kuandaa aina mpya, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi. Mtambo uliowataka wasiwe mafundi haukuwaachia ufundi wa kwenda nao kwingine. Chama chao kilitambuliwa na kampuni mwaka 1941 tu, baada ya mapambano makali.

Basi tunapowafundisha wanafunzi historia ya viwanda, tusiwaishie kwenye jina la tajiri na idadi ya magari. Tuwape pia hesabu ya zile nati, tuwaulize: bei iliposhuka, ni nani aliyeibeba tofauti?