Umeme wa Lufira na kontena za Likasi: waya ulifika, kinga ikabaki nyuma

LIKASI – Pembeni ya barabara nyingi za mji wetu, Kikula kama Panda, kuna kontena za chuma zilizogeuzwa kuwa maduka. Humo ndani kuna friji ya vinywaji, saluni ya kunyoa, au meza ya kuchaji simu. Zamani zilibeba mizigo ya meli. Leo zinapata umeme kwa waya unaotoka kwenye nyumba ya jirani, unapita juu ya ukuta, na kuingia kwenye tundu lililotobolewa kwenye chuma.

Huko Ulaya watalii wanavuta nyuma ya gari nyumba ndogo wanazoziita karavani. Shida yao ni hiyohiyo: chumba kisicho na umeme wake, kinachoomba umeme wa nje. Ila kule kuna kanuni ya namna ya kuomba. Huku kila mtu na fundi wake.

Inashangaza, maana Likasi si mji uliochelewa kuona umeme. Mwaka 1930, mji ukiwa bado karibu kuitwa Jadotville, mashine za Mwadingusha zilianza kuzunguka kwenye maporomoko ya mto Lufira. Wakoloni waliita kituo hicho Francqui. Maji yaliyozuiwa pale ndiyo yaliyozaa ziwa Tshangalele, ambalo wavuvi wanaishi kwalo hadi leo. Mwaka 1950 kikafuata kituo cha Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo. Kisha Union Minière ikahamia kwenye mto Lualaba, ikajenga Nzilo na Nseke. Nseke ilipoanza mwaka 1956, waya ulivuka mpaka na kupeleka umeme hadi Kitwe, Zambia ya leo.

Umeme huo wote haukutafutwa kwa ajili ya taa za nyumbani. Ulitafutwa kwa ajili ya shaba. Katika kiwanda cha Shituru shaba inayeyushwa ndani ya asidi, halafu umeme unapitishwa humo mpaka chuma kinashikamana na vibao. Kazi hiyo inakula umeme usiku na mchana. Ndani ya kiwanda umeme ulikuwa na watu wake: mafundi waliofundishwa na wakubwa wa kuwasimamia. Nje ya ukuta, makartie yaliongezeka kuliko nyaya.

Mwaka 1967 Union Minière ilichukuliwa na serikali, na baadaye ikawa Gécamines. Mwaka 1970 ikaundwa SNEL. Miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari hiyo wengi wanaizungumzia kwa tabasamu chungu. Mtu aliyezoea mshahara, nyumba na posho ya unga alijikuta akitafuta biashara ndogo. Biashara ndogo inataka mahali panapofungwa kwa kufuli, na kontena inafungwa vizuri kuliko kibanda cha mbao.

Ndipo umeme wa viwanda ulipoingia ndani ya sanduku la chuma bila kinga zake.

Kinga inayohitajika hapo ilitoka katika mji wa migodi unaofanana na wetu. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini umeme ulikuwa unaua. Mwaka 1955 injinia Henri Rubin, wa kampuni moja ya Alberton karibu na Johannesburg, alianza kutengeneza chombo cha kukata umeme unapovuja. Mwaka 1956, mwaka uleule wa Nseke, alipata kilichoweza kuhisi uvujaji mdogo sana, chini ya ampea 0.02. Mwanamke mmoja alipofariki kwa umeme huko Stilfontein, kijiji cha wachimba dhahabu, vyombo hivyo viliwekwa katika mamia ya nyumba za hapo. Mjukuu wa chombo hicho ndiye anayeuzwa leo madukani kwa jina la diferansieli. Tafuta yenye maandishi 30 mA, yaani ampea 0.03. Taa ya zamani ya wati 40 inatumia mara sita ya hapo, lakini kwa moyo wa mtu kiasi hicho ndicho mpaka wa hatari.

Diferansieli inalinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukirudi pungufu, maana yake umepitia mahali pengine, pengine kwenye mwili wa mtu, na chombo kinakata mara moja. Fizibu na dijonkteri ya kawaida hazifanyi hivyo. Zinangoja umeme uzidi, na zinalinda waya. Mtu anaweza kufa ameshika mlango wa kontena, dijonkteri ya ampea 16 isishtuke.

Mafundi wengi wa mtaani wanajibu kwamba wameweka tere, yaani nondo ya shaba iliyopigwa ardhini na kufungwa kwenye kontena. Tere ni ya lazima, lakini hesabu inaonyesha haitoshi. Tuseme ardhi ina upinzani wa omu 50, jambo la kawaida, na udongo wetu mwekundu ukikauka mwezi wa tisa unazidi hapo. Volti 220 kwa omu 50 ni ampea 4.4. Dijonkteri ya 16 inaona hizo kama friji tu. Chuma kinabaki na umeme, na mtoto anakuja kununua biskuti. Diferansieli ya 30 mA ingekuwa imekata zamani. (Nondo yenyewe izikwe kichwa kisionekane. Shaba ikionekana Likasi hailali.)

Sasa chombo hicho kiwekwe wapi? Wengi wanakiweka ndani ya kontena, karibu na prizi, na hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Mahali pabaya zaidi ni lile tundu. Chuma kilichokatwa kina meno. Upepo unatikisa waya, ngozi yake inachubuka, na kontena nzima inashika umeme kabla haujafika kwenye diferansieli. Chombo kilichoko mbele hakioni kinachovuja nyuma yake. Kwa hiyo kikae nyumbani kwa jirani, pale waya unapoanzia. Kule Ulaya ni hivyohivyo: prizi ya kambi, siyo karavani peke yake, ndiyo inayotakiwa kuwa na ulinzi wa 30 mA.

Hapo jambo linaacha kuwa la fundi peke yake. Ukuta ni wa jirani na mita ni ya jirani, lakini hatari ni ya mama mwenye saluni. Nani anunue? Katika mapatano mengi watu wanaongea bei ya mwezi na siku ya kulipa, lakini chombo hakitajwi. Ni afadhali kitajwe siku ya kwanza, wakati wote wawili bado wanachekeana.

Waya nao una hesabu yake. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, wenye urefu wa mita 60, ukibeba ampea 10 unapoteza volti 28 njiani. Friji inapata 192 badala ya 220 na mota yake inahangaika. Wati 280 zinabaki kwenye waya kama joto. Ukiwa umezungushwa kama kamba, joto halina pa kutokea. Waya wa milimita mraba 2.5, wenye nyuzi tatu ili ule wa kijani na njano uwepo, ndio unaofaa kwa ampea 16, na ukunjuliwe wote. Kwenye tundu uvishwe mpira, halafu uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke nje.

Kuhusu vichwa vya waya, upande unaotoa umeme uwe na matundu, upande unaopokea ndio uwe na meno. Ralonji yenye meno pande zote mbili, inayotengenezwa na wenye jenereta umeme unapokatika, ni mtego. Jenereta ikiwashwa bila nyumba kutengwa na laini, umeme unarudi barabarani, unapanda kwenye kabine, na kumkuta fundi wa SNEL aliyeamini kwamba laini imekufa.

Mwaka 2021 ukarabati wa Mwadingusha ulikamilika, kazi ya SNEL pamoja na Ivanhoe, ili mgodi wa Kamoa-Kakula upate umeme. Kwa mara nyingine, ni kwa ajili ya shaba. Kontena zitaendelea kuvuta nyaya kwa majirani.

Diferansieli ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyezwe kila mwezi umeme ukiwepo. Umeme usipokatika, chombo kimekufa, na friji isiwashwe tena mpaka kipatikane kingine.