Magurudumu ya Mti Katika Bonde la Mweso

Mtu atokaye Sake kwenda Mweso hupanda milima ya Masisi, hupita Kilolirwe, kisha Kitshanga, na mbele ya Kitshanga hulikuta bonde la Mweso. Wageni wengi walioyaona malisho mabichi, ng'ombe mlimani na jibini ya Masisi wamesema kwamba nchi hii yafanana na Uswisi. Sisi hatuwabishii. Lakini iko tofauti moja ambayo hawakuitaja. Huko katika milima ya Alpi watu hutoa fedha nyingi wapate kusafiri kwa baiskeli siku tatu au nne katika bonde ambalo motokari hazipiti, waburudike kwa utulivu wake. Katika bonde la Mweso nako zimekuwako siku nyingi ambazo mlio wa motokari haukusikika toka asubuhi hata jioni, wala hakuna aliyelipa kwa ajili hiyo. Kilichosikika ni magurudumu ya mti yakigonga mawe, yaani chukudu.

Historia ya magurudumu hayo ni ndefu, na mahali pengine yauma.

Baba wa baiskeli zote hakuwa na pedali wala mnyororo. Bwana Karl Drais, Mjerumani wa mji wa Mannheim, alimwunda kwa mti mwaka 1817: magurudumu mawili, moja nyuma ya jingine, na usukani. Mwenye kuendesha alikaa juu yake akisukuma ardhi kwa miguu. Tarehe 12 Juni mwaka huo Drais alitoka mjini, akaenda na kurudi, kilometa kama 14, kwa muda wa saa moja hivi. Wataalamu wengine hudhani kwamba alisukumwa na njaa. Mwaka 1815 mlima wa moto Tambora, huko Indonesia, ulilipuka. Mwaka uliofuata jua la Ulaya likafifia, mavuno yakaharibika, farasi wakakosa chakula. Watu wa Goma, wakaao chini ya Nyiragongo, hawatashangaa kusikia kwamba mlima wa moto waweza kuwalazimisha watu kutafuta namna nyingine ya kutembea.

Aliyeiona chukudu ataitambua mashine ya Drais kuwa ndugu yake. Hatusemi kwamba mafundi wa Kivu walimwiga. Walikuwa na mti, shoka na mteremko, ikatosha.

Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali katika gurudumu la mbele, lakini magurudumu yalikuwa magumu bado, na mifupa iliumia. Mwaka 1888 Bwana John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alimfungia mwanawe mipira yenye upepo katika baiskeli yake ya magurudumu matatu. Tangu hapo safari ya baiskeli ikawa burudani. Watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kutembelea mabonde na milima yao siku za mapumziko, na mpira ukatafutwa kila mahali.

Mpira huo ulitoka wapi? Mwingi ulitoka Brazili. Mwingine ulitoka katika misitu ya Kongo, ambayo tangu mwaka 1885 ilitawaliwa na Mfalme Leopold II kama mali yake mwenyewe. Vijiji viliandikiwa kiasi cha mpira wa kupeleka. Walioshindwa walipigwa viboko, wake zao waliwekwa rehani, wengine waliuawa au kukatwa mikono. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, aliyaandika hayo katika taarifa iliyotolewa mwaka 1904, na mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme. Ni haki kusema kwamba waliopaza sauti kwanza walikuwa hasa wamisionari wa Kiprotestanti. Katika Kanisa letu waliosema waziwazi walikuwa wachache, ingawa Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1906. Mzungu aliyetembea kwa baiskeli jioni ya Dominika hakujua kilichokuwa chini ya gurudumu lake, au hakupenda kuuliza.

Huku kwetu milimani mizigo ilikwenda kichwani na mgongoni. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, walowezi wakapata mashamba, na barabara zikachimbwa ili malori yachukue mazao yao. Baiskeli, ambayo watu wengi wa Kongo huiita kinga, ilikuwa chombo cha karani, cha mwalimu, na pengine cha katekista. Mkulima alibaki na miguu yake.

Chukudu ilianza kuonekana katika Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Huchongwa kwa mti mgumu uitwao mumba, na kwa mkaratusi. Ina ubao mrefu wa kuwekea mzigo, usukani wenye pembe mbili, na magurudumu mawili madogo. Kwenye mteremko mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili; kwenye mlima hushuka akaisukuma kwa kifua na mikono, jasho likimtoka. Hubeba viazi, kabichi, makaa na mbao, kilo mia kadhaa kwa safari moja. Nayo magurudumu yake huvikwa vipande vya mipira ya motokari iliyokwisha kazi, vikapigiliwa misumari. Hapo twaona ajabu kidogo: mpira uliowaliza mababu wa Kongo umerudi Kongo ukiwa umechakaa, na wajukuu wameupatia kazi ya kuwalisha watoto. Mjini Goma chukudu imesimamishiwa sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu.

Lakini tusiusifu mno utulivu wa njia zetu. Mwezi wa Machi 1993 vita ilianza sokoni Ntoto, katika Walikale, ikaenea Masisi, na tangu hapo amani haikudumu. Barabara ziliharibika, na madereva wakaogopa. Chukudu ikapita pale lori lilipokwama. Ndiyo sababu mji ulipata viazi. Kuna siku nayo hushindwa. Tarehe 25 Januari 2024 mabomu yaliangukia Mweso penyewe, yakaua raia. Siku ya namna hiyo njia haina motokari, haina chukudu, haina mtu.

Na mabonde ya Alpi hayakuzaliwa yakiwa matulivu. Toka Dobbiaco hata Calalzo, kupitia Cortina d'Ampezzo, kuna njia ya baiskeli ambayo leo jamaa nzima hupita na watoto wao bila hofu ya motokari. Zamani ilikuwa reli. Sehemu zake ziliwekwa na majeshi ya Austria na Italia katika vita ya 1914–1918, ili kupeleka askari na risasi milimani. Ikafunguliwa yote mwaka 1921, ikafungwa mwaka 1964, na vyuma vikaondolewa.

Katika Italia hiyo hiyo, huko Ghisallo karibu na ziwa la Como, kuna kanisa dogo la Bikira Maria, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani zimetundikwa baiskeli za mashujaa, mojawapo ya Gino Bartali, Mkatoliki mwenye ibada, aliyeshinda mashindano ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1938 na 1948. Husimuliwa kwamba mwaka 1943 na 1944 alificha ndani ya mabomba ya baiskeli yake karatasi za kuwaokoa Wayahudi, akapita vizuizi vya askari akijifanya yumo mazoezini. Kwa ajili hiyo mwaka 2013 alihesabiwa huko Yerusalemu miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa.

Msomaji wa Masisi hana haja ya kuelezwa kizuizi ni nini. Kijana wa chukudu naye hufika kizuizini na viazi vyake, hushuka, hutoa alichonacho mfukoni, ndipo kamba huinuliwa apite.