Kitabu Kigumu cha Bwana Hutton, na Mtu Aliyekifungua

Mwaka mmoja ililetwa shuleni kwetu karatasi ya mafundisho juu ya ugonjwa wa mihogo, nikaombwa niwasomee wazee barazani. Nilisoma kwa sauti, wala sikuruka hata neno moja. Nilipokwisha, wote walinyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Mwalimu, umetusomea vema. Sasa tuambie, imesema nini?" Niliitazama karatasi mara ya pili, nikaona haya, kwa maana mimi mwenyewe sikuweza kumjibu. Maneno karibu yote niliyajua. Lakini shauri lenyewe, yaani tung'oe mihogo ipi na mbegu tuitwae wapi, lilikuwa limefichwa katikati ya sentensi moja ya mistari tisa. Nilipoligundua, siku zilikuwa zimepita, na nyumba mbili zilikuwa zimekwisha kupanda mbegu ya shamba lenye ugonjwa. Mwaka ule hawakuvuna kitu.

Tangu siku ile nimejiuliza, Maandishi ya wenye elimu ni magumu kwa sababu gani? Wengi wetu hudhani ya kuwa elimu iko juu sana na sisi tuko chini, basi tukishindwa kuelewa kosa ni letu. Nimetafuta jibu katika historia, nikaliona katika habari za vitabu viwili vilivyoandikwa nchi ya Uskoti. Vyote viwili vyaeleza jambo moja. Lakini kimoja kiliwashinda wasomaji, na cha pili kilisomwa kwa furaha.

James Hutton alizaliwa katika mji wa Edinburgh mwaka 1726. Alisomea udaktari, akapata shahada yake huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1749. Walakini hakuifanya kazi hiyo. Baba yake alikuwa amemwachia shamba, naye akaenda kulilima, akakaa huko miaka kama 14. Shambani ndiko alikoanza kuisoma dunia. Aliona mvua inanyesha, maji yanachukua udongo wa shamba na kuutia mtaroni, mtaro unaupeleka mtoni, na mto unaupeleka baharini. Hapana mkulima asiyeliona jambo hilo. Lakini Hutton aliliona akauliza, Kama udongo unachukuliwa kila mwaka, mbona nchi kavu haijaisha? Hapana budi iko kazi nyingine iletayo nchi mpya.

Jibu lake lilikuwa hili. Udongo na mchanga uliochukuliwa na maji hulala chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, hata ukashikamana ukawa jiwe. Kisha nguvu ya joto lililomo ndani ya dunia huliinua jiwe lile, likawa nchi kavu na milima. Na mvua huanza tena kuila milima hiyo kidogo kidogo. Na kwa kuwa kazi hii huenda polepole mno, Hutton alisema kwamba umri wa dunia ni mrefu kupita hesabu za watu. Wakati ule wengi katika Ulaya walihesabu miaka kama 6,000 tu. Leo wataalamu wameupima kwa njia ambazo Hutton hakuwa nazo, wakaona ni miaka kama milioni 4,500.

Mwaka 1785 mawazo yake yalisomwa mbele ya wataalamu wa Edinburgh katika mikutano miwili. Siku ya kwanza Hutton mwenyewe alikuwa mgonjwa, na rafiki yake Joseph Black akamsomea. Baada ya hapo alisafiri huku na huku kutafuta ushahidi katika mawe. Mwaka 1788 aliingia mashuani pamoja na rafiki wawili, James Hall na John Playfair, wakafuata pwani hata wakafika mahali paitwapo Siccar Point. Huko waliona ajabu. Chini palikuwa na mawe ya kijivu yaliyosimama wima, kama vitabu vilivyopangwa rafuni. Na juu ya vichwa vyao yalikuwa yamelala mawe mekundu ya mchanga, kama mkeka uliotandikwa kwa kuinama kidogo.

Hutton akawaeleza wenzake maana yake. Mawe yale ya chini hayakuzaliwa wima. Yalilala kwanza chini ya bahari, yakawa magumu, yakainuliwa na kupindwa, yakaliwa na mvua na mawimbi, yakazama tena. Ndipo mchanga mwekundu ukaja kulala juu yao, nao ukawa jiwe, na vyote viwili vikainuliwa pamoja. Kila kazi mojawapo ya hizo yataka miaka isiyohesabika. Playfair hakuisahau siku ile. Miaka mingi baadaye aliandika jinsi alivyostaajabu kumsikiliza Hutton mahali pale.

Msomaji, liangalie sana jambo hili: mashuani Hutton alieleweka. Jambo lilikuwa jipya, lilikuwa la kina, nalo lilipingana na yale ambayo watu wengi waliyafikiri. Hata hivyo msikilizaji wake alilishika siku ile ile. Basi ugumu haukuwa katika jambo lenyewe.

Mwaka 1793 mtaalamu mmoja wa Ayalandi, jina lake Richard Kirwan, alitoa maandishi makali ya kumpinga Hutton, akisema kwamba mafundisho yake hayapatani hata na Maandiko Matakatifu. Hutton alikuwa katika ugonjwa mzito mwaka ule, lakini mara akaanza kuandika kitabu kikubwa cha kujitetea. Kilitoka mwaka 1795, sehemu mbili, kurasa zaidi ya 1,000. Ndani yake sentensi ni ndefu, hoja moja yarudiwa mara nyingi, na kurasa nyingi ni maneno ya waandishi wengine katika Kifaransa, bila tafsiri. Waliokinunua walikuwa wachache, na waliokimaliza wachache zaidi. Hutton alikufa mwaka 1797. Maandishi ya sehemu ya tatu yalikaa bila kupigwa chapa hata mwaka 1899, zaidi ya miaka mia baada ya kifo chake.

Imekuwaje mtu aliyesema vizuri hivyo akaandika vibaya hivyo? Mimi naona sababu tatu. Kwanza, aliandika akiwatazama adui zake, wala hakuwatazama wanafunzi. Mtu aliyeshtakiwa hulizungushia kila neno boma, ili asikamatwe. Na boma hilo humzuia adui, lakini humzuia na rafiki pia. Pili, aliandika katika haraka na maumivu, asipate nafasi ya kupunguza. Kuandika kwa ufupi ni kazi kubwa kuliko kuandika kwa urefu, kama vile kupepeta ni kazi baada ya kutwanga. Tatu, na hii ndiyo kubwa, alikuwa amelijua jambo lake miaka mingi hata akasahau hali ya mtu asiyelijua. Mashuani aliziona nyuso za wenzake. Mmoja akikunja uso, alirudi nyuma akaeleza tena. Lakini karatasi haikunji uso. Mwandishi aliye peke yake mezani hudhani kwamba kila lililo wazi kwake ni wazi kwa watu wote.

Sasa mtazame John Playfair. Katika ujana wake alikuwa mchungaji wa kanisa la kijijini, kisha akawa mwalimu mkuu wa hesabu katika chuo cha Edinburgh. Yaani alikuwa amezoea kusema na wakulima siku ya Jumapili, na tena kuwafundisha vijana jambo gumu hatua kwa hatua. Hutton alipokufa, Playfair aliona kwamba kazi ya rafiki yake yataka kufa pamoja naye. Akaketi akaiandika upya, na mwaka 1802 akatoa kitabu chake.

Mpango wa kitabu kile ni rahisi. Kwanza Playfair alieleza fundisho lote tangu mwanzo hata mwisho, kwa maneno machache yaliyo wazi, msomaji apate kuuona msitu kabla ya kuhesabu miti. Ushahidi mrefu na majibu kwa wapinzani aliyaweka nyuma, ayasome apendaye. Tena aliongeza mifano ambayo mtu yeyote aweza kwenda kuitazama. Alisema, Itazameni mito. Kila mto mkubwa una vijito viingiavyo, na kijito kiingiapo mtoni, bonde lake limekutana na bonde la mto kwa usawa mmoja. Kama mabonde yangalikuwa yamechimbwa na nguvu nyingine, kisha maji yakaja kupita humo, isingaliwezekana yapatane vizuri hivyo kila mahali. Basi mito yenyewe ndiyo iliyochimba mabonde yake. Mtoto wa shule aweza kuielewa hoja hiyo akisimama kando ya mto wa kwao.

Kwa kitabu cha Playfair watu wengi walijifunza mawazo ya Hutton. Charles Lyell, aliyezaliwa mwaka ule ule aliokufa Hutton, aliyaendeleza katika kitabu chake kilichotoka sehemu tatu, mwaka 1830 hata 1833. Sehemu ya kwanza ya kitabu hicho kijana Charles Darwin aliichukua melini alipoanza safari yake ya kuzunguka dunia mwisho wa mwaka 1831. Ndivyo wazo lililozaliwa katika shamba la mkulima lilivyoufikia ulimwengu. Na daraja lake lilikuwa kitabu kisomekacho.

Lakini tusiwahukumu wenye elimu kwa haraka. Uko ugumu ulio wa haki. Seremala husema "lete patasi," wala hasemi "lete kile chuma chenye makali cha kuchimbia tundu la mti." Kila kazi ina maneno yake, na asiyeyajua hana budi ajifunze. Tena wako walioandika kwa ugumu wakijua. Isaac Newton, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687 kilichoandikwa kwa Kilatini, alisema mwenyewe kwamba sehemu ya tatu aliiandika kwanza kwa njia ya kueleweka na wengi, kisha akaigeuza kuwa ya hesabu, ili kujiepusha na mabishano. Lakini Galileo kabla yake, mwaka 1632, aliandika juu ya mwendo wa dunia kwa Kiitalia, lugha ya watu wa kwao, akaiweka habari katika mazungumzo ya watu watatu. Ugumu wa Newton ulikuwa ukuta uliojengwa kwa makusudi; ugumu wa Hutton ulikuwa nyasi zilizoota njiani kwa sababu hapana aliyefyeka.

Wala nyasi hizo hazijakwisha. Mwaka 2017 wataalamu wa Sweden walitoa hesabu yao baada ya kupima muhtasari wa maandishi ya sayansi zaidi ya 700,000, tangu mwaka 1881 hata 2015. Waliona kwamba maandishi hayo yamezidi kuwa magumu kusomeka kadiri miaka ilivyoendelea. Elimu yaongezeka, na njia ya kuifikia yazibwa.

Basi tufanye nini sisi wa vijijini? Usomapo jambo usilielewe, usiseme upesi, "Mimi ni mjinga." Uliza kwanza, Je, huyu ni seremala anayetaja patasi yake, au ni mtu aliyesahau kwamba niko? Kama ni neno la kazi, jifunze neno. Kama ni nyasi tu, mtafute Playfair wako, mtu alijuaye jambo na akujuaye wewe.

Nasi tuliosoma kidogo tusione ni kazi duni kueleza upya aliyoyavumbua mwingine. Karatasi ile ya mihogo niliiandika tena kwa mistari sita, nikaibandika katika mlango wa shule. Mstari wa kwanza ulisema: Usitwae mbegu katika shamba lenye majani yaliyojikunja. Yule mzee alikuja akasomewa, akasema, "Kumbe ndivyo ilivyosema! Mbona haikusema?"