Nyuzi 100: Historia Fupi ya Riveti Iliyojificha

Leo tuweke programu kando, tuzungumzie bati.

Ukiwa stendi ya Ruiru au Thika, tazama ubavu wa basi lolote kuukuu. Utaona safu za riveti, vichwa vimetokeza nje kama vipele. Hakuna anayejali, maana matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Lakini hewa ina hesabu yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Kipele hichohicho kwenye ndege ya kilomita 320 kwa saa kinavutwa nyuma mara 16 zaidi.

Ndiyo maana miaka ya 1930 watengenezaji wa ndege walianza kuzamisha vichwa vya riveti. Ndege ya Howard Hughes, H-1, ilivunja rekodi mwezi Septemba 1935 kwa mwendo wa karibu kilomita 567 kwa saa. Riveti zake zililala sawa na bati.

Tatizo ni kwamba bati la ndege mara nyingi halifiki hata milimita moja. Ukilichimba, ukingo wa tundu unabaki mwembamba kama wembe na riveti haina cha kushika. Dawa yake ni kulibonyeza kati ya kalibu mbili, dume na jike, mpaka tundu lipate umbo la faneli. Bati la chini nalo hubonyezwa vivyo hivyo, kisha vibonyeo viwili huingiana kama sufuria dukani.

Sasa hapa ndipo panapotuhusu sisi watu wa kompyuta. Mhandisi Walter Vincenti, katika kitabu chake cha mwaka 1990, anaeleza kuwa mwanzoni kila kiwanda cha Marekani kilichagua pembe yake. Riveti ya huyu haikuingia kwenye kibonyeo cha yule. Vita Kuu ya Pili ilipodai ndege nyingi kwa haraka, walikubaliana pembe moja: nyuzi 100. Mpaka leo ni hiyo hiyo.

Thika si wageni wa kazi ya bati. Leyland Kenya ilianzishwa huko mwaka 1974, baadaye ikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mafundi wa Jua Kali nao mikono wanayo. Ila skrubu za kawaida za milimita zina kichwa cha nyuzi 90, na vifaa vya kuzizamisha hufuata pembe hiyo. Ukitia riveti ya nyuzi 100 kwenye kibonyeo cha 90, inakalia ukingo tu. Chini pana uwazi, na juu huoni kitu. Injini ikitetema vya kutosha, riveti inalegea, nawe uko angani.

Kwa hiyo anayejenga ndege yake nyumbani aanze na kalibu sahihi. Asafishe makali yote ya tundu kabla ya kubonyeza, maana ufa huanzia hapo. Abonyeze mpaka kalibu zikutane kabisa, kisha akague kila kibonyeo kwa lenzi. Na asiruke bila kibali cha KCAA.

Viwango vinachosha kuvisoma, wadau, lakini ndivyo vinavyoshika bawa.