Nguo ya Maluani na Fedha ya Ibo

Visiwa vya Kirimba vimejipanga kando ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia upande wa mji wa Pemba hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Wenyeji wake ni Wamwani, na Kimwani chao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wareno wa karne ya 16 waliviita Visiwa vya Maluani, jina la nguo iliyofumwa huko. Ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa nili, ikauzwa bara na katika bandari nyingine za pwani.

Pwani ya Waswahili ilijua kufuma zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alitaja nguo za mji huo zilizopelekwa mpaka Misri, na katika magofu ya Kilwa wachimbuaji wameokota vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi. Fahari ya Kirimba ilikuwa rangi. Mnili huota katika pwani hiyo. Majani yake huvundikwa majini hadi yachachuke, na nguo iliyochovywa hutoka ikiwa na rangi ya kijanikijani, kisha hugeuka buluu inapopata hewa. Kila inaporudiwa kuchovywa, buluu huzidi kukolea mpaka hukaribia weusi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno walivishambulia visiwa hivi na kuuteketeza mji wa Kirimba, kwa kuwa wafanyabiashara wake walikuwa wakiuza na kununua nje ya himaya ya Wareno. Hata hivyo ufumaji haukukoma. Padri João dos Santos, aliyeishi Kirimba katika miaka ya 1590, aliieleza kazi ya nguo na nili katika kitabu chake kilichochapwa Évora mwaka 1609. Kilichoiua kazi hiyo baadaye ni mambo mawili yaliyokuja kwa bahari. La kwanza ni shehena za nguo za Gujarati, zilizokuwa nyingi na rahisi. La pili ni biashara ya watumwa, iliyopamba moto karne ya 18 kwa mahitaji ya Wafaransa wa Mauritius na Réunion. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska nao walivivamia visiwa hivi mara kwa mara. Kazi inayotaka shamba la pamba, wasokotaji na muda mrefu mtandeni haiwezi kudumu mahali ambapo watu wenyewe wanakamatwa na kuuzwa.

Ufundi wa fedha ulikuwa na bahati tofauti, kwa sababu malighafi yake ilifika ikiwa mfukoni mwa wafanyabiashara. Ibo, kimojawapo cha visiwa hivi, iliyopewa hadhi ya mji katika miaka ya 1760 na kujengewa ngome ya São João Baptista mwaka 1791, ilikusanya Wareno, Wahindi, Waarabu na Wamwani. Pamoja nao zilikuja sarafu. Reale ya Maria Theresa ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na zaidi ya asilimia 80 yake ni fedha safi. Mwishoni mwa karne ya 19 Wareno walizigonga chapa baadhi ya reale hizo ili zitumike Msumbiji. Baadaye zikafuata eskudo za fedha. Sarafu iliyopitwa na wakati haikutupwa: sonara aliiyeyusha.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Fedha huyeyushwa kwa moto wa makaa, hufuliwa kwa nyundo, kisha huvutwa katika matundu ya bamba la chuma, kutoka tundu kubwa kwenda dogo, hadi iwe uzi mwembamba. Nyuzi husokotwa, hupindwa kuwa maua na vizingo, na kuunganishwa kwa lehemu. Hapo hupatikana mikufu, hereni na bangili zenye kazi ya matundumatundu. Namna za Waarabu na Wahindi zinaonekana wazi ndani yake, lakini zimekwisha kuwa za Ibo, na hazipungukiwi chochote zikiwekwa karibu na za masonara wa Lamu au Unguja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Kampuni ya Niassa, iliyoitawala sehemu hii kwa niaba ya Ureno, ilihamisha makao yake kutoka Ibo kwenda Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo, na Ibo ikabaki na majumba ya mawe yasiyo na wakazi. Wakati wa vita vya ukombozi ngome ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Masonara baadaye waliifanya karakana, wakiwauzia wageni vidani vilevile ambavyo bibi zao walivaa arusini.

Kimbunga Kenneth kilipiga Ibo tarehe 25 Aprili 2019 na kuharibu sehemu kubwa ya nyumba. Kabla ya hapo, Oktoba 2017, vita vya waasi vilikuwa vimeanza katika mji wa Mocímboa da Praia, na wageni waliokuwa wateja wakuu wakapungua sana. Leo mwanamke wa Kimwani bado hujipaka usoni msiro, uji mweupe wa mti uliosagwa, na kuvaa kapulana, kitambaa cha kujifunga, ila kapulana hutoka viwandani ng'ambo. Mikeka ya ukili husukwa nyumbani. Nguo ya maluani haifumwi tena. Uzi wa fedha ungali unavutwa kwa mkono, na anayetaka udumu na aununue kwa sonara mwenyewe, kwa bei inayomlipa kazi yake.