Kuzuru Las Vegas na watoto: Raha yao imo nje ya kumbi za kamari

LAS Vegas si jiji lililojengwa kwa kuwafikiria watoto. Mji huo wa jimbo la Nevada, magharibi mwa Marekani, ulianza Mei 15, 1905, wakati kampuni ya reli ilipopiga mnada viwanja katikati ya jangwa la Mojave. Umaarufu wake ulitokana na sheria ya mwaka wa 1931 iliyohalalisha kamari kote jimboni. Hata hivyo, kila msimu wa likizo familia nyingi huingia humo zikiwa na watoto mkononi, zikiwemo za Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani ambao hutaka kuwaonyesha jamaa zao mji unaosifika kwa taa zake.

Baada ya saa chache za kutembea katika barabara kuu ya mahoteli, ambayo wenyeji huiita Strip, wazazi huanza kujiuliza swali moja: mtoto wa miaka minane atafanya nini hapa?

Jambo la kwanza la kufahamu ni sheria. Nevada hairuhusu mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 21 kucheza kamari au kuzubaa mahali inapochezewa. Mtoto anaweza kupita akiandamana na mzazi wake, mradi asisimame. Tatizo ni kwamba hoteli nyingi zilijengwa kwa hila ya kibiashara: njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye lifti, mikahawa na hata bwawa la kuogelea hukatiza katikati ya mashine za kamari. Mtoto huvutiwa na taa na milio yake, akasimama kutazama, na punde mlinzi huja kuwaambia wazazi wasogee mbele.

Masharti haya hayakutungwa kwa ajili ya kuwaudhi wageni. Mnamo 1997, mtoto wa kike wa umri wa miaka saba aliuawa usiku wa manane katika kasino moja karibu na mpaka wa Nevada na California, ilhali babake alikuwa akicheza kamari katika jengo lilo hilo. Mkasa huo uliishtua nchi nzima na kuzua mjadala mkali kuhusu wazazi wanaowaacha watoto wazurure katika vyumba vya michezo huku wao wakiendelea kucheza. Kaunti ya Clark, ambamo jiji hilo limo, ina kanuni zinazowazuia watoto wasioandamana na wazazi kuwa nje usiku, na katika barabara ya mahoteli saa hizo huanza mapema zaidi mwishoni mwa wiki. Mzazi anayetaka kucheza kamari na awe na mtu mzima mwingine wa kubaki na watoto. Hakuna njia ya mkato katika suala hili.

JARIBIO LILILOTUPILIWA MBALI

Kuna wakati ambapo wenye mahoteli walijaribu kuifanya Las Vegas kuwa mji wa familia. Circus Circus, iliyofunguliwa mwaka wa 1968, ilitangulia kwa maonyesho yake ya sarakasi. Mnamo 1990 ikafuata Excalibur, hoteli yenye umbo la ngome ya kale, kisha mwaka wa 1993 zikafunguliwa tatu kwa mpigo: Luxor iliyojengwa kama piramidi, Treasure Island iliyokuwa na vita vya maigizo vya maharamia mbele ya lango lake, na MGM Grand iliyokuwa na bustani ya burudani ya aina yake.

Mpango huo haukudumu. Wenye biashara waligundua kwamba familia hutumia pesa kidogo kuliko wacheza kamari, nao watu wazima hawakupenda kusukumana na vigari vya watoto wachanga. Bustani ya MGM Grand ilifungwa kwa umma muda si mrefu baadaye, na kufikia mwaka wa 2003 jiji lilikuwa likijitangaza waziwazi kama mahali pa watu wazima kufanya mambo wasiyotaka yajulikane nyumbani. Simba waliokuwa wakionyeshwa katika hoteli hiyo waliondolewa 2012, maharamia wakanyamaza 2013, na mlima wa moto wa bandia uliokuwa ukilipuka mbele ya hoteli ya Mirage tangu 1989 ulizimwa Julai 2024 hoteli hiyo ilipofungwa.

Historia hii ina umuhimu kwa msafiri. Vitabu vya zamani vya mwongozo bado vinataja vivutio hivyo, na si ajabu mtoto aliyeahidiwa simba akafika na kukuta maduka.

YALIYOSALIA MJINI

Si kwamba hakuna kitu. Circus Circus ingali na Adventuredome, uwanja wa burudani uliofunikwa kwa kuba kubwa la vioo ambamo watoto hupanda magari ya kasi na bembea bila kuguswa na jua. Katika Mandalay Bay kuna Shark Reef, yenye matangi makubwa ya papa na kasa. High Roller, gurudumu lililofunguliwa 2014 lenye kimo cha mita 167, huwapandisha abiria taratibu hadi wakaliona bonde lote na milima inayolizunguka.

Vitu vizuri zaidi, hata hivyo, ni vile visivyotozwa pesa. Chemchemi za Bellagio hurusha maji angani kufuatana na muziki, na humo ndani mna bustani ya maua ambayo hupambwa upya kila msimu. Nyuma ya hoteli ya Flamingo, iliyofunguliwa Desemba 1946, kuna bwawa lenye heroe wa kutoka Chile. Mtoto wa Kenya aliyewahi kuona makundi ya ndege hao katika ziwa Nakuru au Bogoria huenda asistaajabie hao wachache, lakini atapata la kuwasimulia wenzake: kwamba heroe wanaishi pia katika bara jingine, na kwamba wa huko si wa jinsi moja na wa kwao.

Mbali kidogo na mahoteli, katikati mwa jiji la kale, kuna Discovery Children's Museum, makavazi ya watoto yenye orofa tatu ambamo hakuna anayekatazwa kugusa kitu. Watoto hucheza na maji, hujenga, hupanda mnara na kuigiza kazi za watu wazima. Familia ikiwa na siku moja tu ya kukaa ndani kwa sababu ya joto, hapa ndipo mahali pa kuitumia.

Pia ipo Springs Preserve, iliyofunguliwa 2007 mahali palipokuwa na chemchemi zilizolipa jiji jina. Las Vegas, kwa Kihispania, ni mbuga za majani mabichi; wasafiri wa ngamia wa chuma na waliowatangulia wakiwa na nyumbu walisimama hapo kunywa maji. Visima vya jiji vilizifyonza chemchemi hizo hadi zikaacha kububujika mnamo 1962. Leo pana makavazi, vijia vya kutembea, bustani ya dungusi na kobe wa jangwani, mnyama anayelindwa kisheria.

Kuhusu gharama, wageni wengi hunaswa na ada ambazo mahoteli huongeza juu ya bei ya chumba kila usiku. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inazitaka hoteli zitangaze bei kamili tangu mwanzo, lakini ada zenyewe hazikuondolewa. Maegesho ya magari, yaliyokuwa ya bure kwa miaka mingi, yalianza kutozwa katika mahoteli kadhaa mnamo 2016. Anayekodi gari akumbuke pia kwamba watoto wadogo sharti wakae katika viti vyao maalum.

JOTO SI LA KUCHEZEWA

Mnamo Julai 7, 2024, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Las Vegas kilifika nyuzi 48.9 za Selisiasi, kiwango cha juu zaidi kuwahi kurekodiwa mjini humo. Ni joto ambalo hata mwenyeji wa Lodwar au Garissa atalishangaa. Kuanzia Juni hadi mapema Septemba, siku za nyuzi 40 na zaidi ni jambo la kawaida, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla ya mtu kulihisi. Ndiyo sababu watoto hupungukiwa na maji mwilini bila kulalamika. Mzazi asingoje mtoto aseme ana kiu.

Lami nayo huwaka. Madaktari wa jiji hilo hutibu kila kiangazi watu walioungua nyayo, magoti au viganja kwa kuigusa barabara tu, wakiwemo watoto waliotoka bwawani bila viatu. Ndani ya gari lililofungwa joto hupanda kwa takriban nyuzi 11 katika dakika kumi za kwanza, na kumwacha mtoto mdogo humo ni kosa la jinai Nevada hata kama mzazi amekwenda kununua maji.

Kwa hivyo, wazoefu hutembea alfajiri, hupumzika ndani kuanzia saa nne hadi jua linapotua, kisha hutoka tena. Afadhali zaidi ni kufika kati ya Oktoba na Aprili, japo usiku wa Januari ni baridi na sharti watoto wawe na sweta.

JANGWA LENYEWE

Mwendo wa kilomita 27 hivi magharibi mwa barabara ya mahoteli, majengo hukoma ghafla na miamba myekundu ikaanza. Hilo ni eneo la Red Rock Canyon, ambalo lina barabara ya mzunguko ya kilomita 21 inayopitika kwa gari la kawaida. Kuna vituo vya kuteremka, na vijia vifupi ambavyo hata mtoto wa miaka mitano anaweza kuvimaliza. Katika miezi ya baridi ni lazima mtu aagize mapema nafasi na saa ya kuingia, la sivyo atarudishwa langoni.

Valley of Fire, kilomita 80 kaskazini mashariki, ni mbali zaidi lakini kuna raha ya pekee. Hiyo ndiyo hifadhi ya kwanza ya jimbo la Nevada, na miamba yake ya mchanga iliyogandamana tangu enzi za dinosau huonekana kama makaa jua linapopiga jioni. Juu ya baadhi ya miamba kuna michoro iliyochongwa na wakazi wa kale. Njia kadhaa za miguu hufungwa wakati wa kiangazi kwa sababu watu wamekufa humo kwa joto.

Wakati wa mvua za ghafla za Julai na Agosti, makorongo makavu, yale ambayo kaskazini mwa Kenya huitwa laga, hujaa maji kwa dakika chache hata kama mvua imenyesha mbali. Watoto hupenda sana kucheza ndani yake. Wakatazwe.

Asiyependa joto kabisa na apande mlima Charleston, wenye kimo cha mita 3,632. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, na huko kuna misonobari, na theluji wakati wa baridi.

Lakini ikiwa ni siku moja tu ya kutoka nje ya mji, bora itumiwe upande wa kusini mashariki. Huko kuna bwawa la Hoover, lililojengwa katika mto Colorado kati ya 1931 na 1936, enzi ambazo maelfu ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Kimo chake ni mita 221. Bwawa la Turkwel, Pokot Magharibi, lina mita 153. Idadi rasmi ya wafanyakazi waliofia kazini ni 96. Mpaka wa Nevada na Arizona hupita katikati ya ukuta, hivyo mtoto anaweza kusimama mguu mmoja jimbo hili na wa pili jimbo lile. Wakati wa baridi saa za pande hizo mbili hutofautiana kwa saa nzima. Kiangazini hulingana, kwa kuwa Arizona haisogezi saa zake mbele.

Nyuma ya ukuta, kwenye kingo za ziwa Mead, kuna ukanda mpana mweupe unaoonyesha maji yalikofika zamani. Ziwa hilo huipa Las Vegas takriban asilimia 90 ya maji yake, na mnamo Julai 2022 lilishuka hadi kiwango cha chini zaidi tangu lilipokuwa likijazwa katika miaka ya 1930. Mtoto aliyeona chemchemi za hoteli zikicheza jana yake huuliza swali lenyewe, bila kusukumwa.

Njiani kurudi upo mji mdogo wa Boulder City, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa. Serikali ilipiga kamari marufuku humo tangu mwanzo, na hadi leo wakazi hawajairuhusu, jambo ambalo ni nadra Nevada. Una makavazi ya reli yenye treni ya kupanda mwishoni mwa wiki, na bustani ya umma iitwayo Hemenway iliyo na bembea, miti na nyasi. Kondoo-mwitu wa jangwani, wenye pembe nene zilizojipinda, huteremka kutoka milimani kuja kula nyasi hizo, hasa miezi ya kiangazi malisho yanapokauka. Hakuna kiingilio. Watoto huketi mezani wakila mikate yao, na hatua chache kando yao madume wa kondoo wanalisha kimya. Kinachotakiwa ni kuwatazama kwa mbali na kutowapa chakula.