Wasafishaji wa Usiku na wa Mchana

Uingiapo asubuhi katika jumba la ofisi, msomaji, ukakuta sakafu inang'aa na vikapu vya taka ni vitupu, labda hujiulizi ni mkono wa nani uliofanya kazi hiyo. Katika London ya miaka ya 1960 mara nyingi ulikuwa mkono wa mama aliyekesha akisafisha, akarudi kwake alfajiri kuwatayarisha watoto waende shule, kisha akalala saa chache tu. Makarani hawakupata kumwona. Na asiyeonekana, ni nani atakayeuliza habari za mshahara wake?

Mmoja wao, May Hobbs, alianza kuwakusanya wenzake mwaka 1970. Ilikuwa kazi ngumu, maana walitawanyika wachache wachache katika majumba mengi. Walakini mwaka 1972 wasafishaji wa Empress State Building, jumba la ofisi za serikali huko Fulham, waligoma, wakasimama mlangoni machoni pa watu, na mwishowe wakashinda.

Siku hizi, hasa katika nchi kama Norway na Sweden, usafi wa ofisi hufanywa sana mchana, watu wakiwa kazini. Hapo hutakiwa mashine zisizo na kelele na dawa zisizo na harufu kali, na mkutano ukiwa unaendelea, chumba hicho huachwa hadi baadaye. Mwenye jumba huzima taa usiku. Msafishaji hulala nyumbani kwake. Wako wanaoona haya kupiga deki mbele ya watu, nami siwalaumu. Lakini karani huweza kumjua kwa jina, na siku asipofika, akauliza yuko wapi.